Mtu wa Kupigiwa Simu Hamu Ikija

Katika zahanati moja hapa mtaani Manyatta, watafiti wanaosaidia watu kuacha sigara humwomba kila mshiriki ataje mtu wa kumpigia simu hamu ya kuvuta ikimshika. Jumanne niliketi karibu na mwendesha boda boda aliyekuwa ameiacha nafasi ya jina hilo kwenye fomu tupu kwa wiki tatu.

“Baba, hata leo huna mtu?” muuguzi aliuliza.

“Sista, nilimwapia mke wangu kwamba niliacha kabla ya harusi.”

“Na harufu ya hilo koti, anadhani ni ya pikipiki?”

Foleni nzima ilicheka, naye akacheka, kisha akaikumbatia helmeti yake. Nawashukuru watu wanaouliza swali lilelile kila wiki bila kumfokea mtu.

“Basi andika mke wangu,” alisema. “Anaitwa Akinyi.”