Ng'ombe wa Buganguzi Aliyesimamisha Kongamano

Wiki hii nilikuwa Bukoba, kwenye kongamano la kuwaongezea ujuzi madaktari wa mifugo. Mtoa mada alikuwa akieleza namna ya kumfikia mfugaji haraka, pale simu ya daktari kutoka Muleba, mama aliyeketi jirani yangu, ilipoita.

Alijaribu kunong'ona, akashindwa, akaiweka simu kwenye spika. Mfugaji wa Buganguzi, huko Muleba, alikuwa analia. Ng'ombe wake anazaa, kichwa cha ndama na mguu mmoja vimetoka, mguu wa pili hauonekani.

"Nawa mikono, mzee, paka mafuta. Ng'ombe akiacha kusukuma, rudisha kichwa ndani polepole, utafute goti."

Mtoa mada alishusha kipaza sauti. Nilipogeuka nyuma niliwaona madaktari wamefumba macho, mikono yao inapapasa hewani, ukumbi mzima unatafuta mguu mmoja.

"Nimelipata, waitu, mama daktari!"

"Sasa funika kwato kwa kiganja zisimchane ng'ombe ndani, ndipo uvute."

Tukasubiri. Ndama alipokohoa, ukumbi ulilipuka kwa makofi.

"Daktari, hao wanaopiga makofi ni akina nani?"

"Ni madaktari wenzangu. Tuko kwenye mafunzo Bukoba."

"Wote?"

Daktari akatazama viti vilivyojaa. "Karibu wote."

"Haya. Nitawaambia majirani ng'ombe wao wavumilie mpaka mrudi."

Mtoa mada akakohoa kidogo, akatangaza chai.

Elimu ni nzuri, sipingi. Lakini hata mapadri wetu wakienda mafungo, hubaki mmoja wa kuzika.