Wageni wa Meza Namba Nne

Niliporudi Sumbawanga na cheti changu cha uratibu wa matukio, jirani wa kwanza kukisoma mtaani kwetu Kizwite aliniuliza, "Matukio gani haya mwanangu? Ya ajali au ya wizi?" Nikamweleza kwamba ni sherehe: harusi, sendofu, ubatizo. Mtu anakupa kazi upange kila kitu, yeye anakuja kukaa tu. Jirani akacheka mpaka akashika ukuta. "Yaani mtu anakodi mtu wa kumsaidia kufurahi! Weee, huko Dar mmekwisha."

Mama yangu hakucheka. Alikuwa ameshanitafutia kazi ya uandishi wa barua kwenye ofisi moja kule Matai, baada ya kumsumbua mjomba miezi mizima, na mimi nikaikataa kwa maringo yote niliyoshuka nayo kwenye basi. Tukabishana siku nne. Siku ya tano, akiwa anapepeta maharage wala hanitazami, akatoa sharti: "Sherehe moja. Watu wakitoka pale wanakusema vibaya, Jumatatu unapanda gari la Matai. Wakikusifu, sifungui mdomo wangu tena." Nikasema sawa. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na hakuna nilichokuwa sikijui.

Sherehe hiyo moja niliipata kwa mama mmoja muuza mahindi, mtaa wa pili kutoka kwetu. Alikuwa anamuaga binti yake, anayeolewa Kasanga, kule ziwani. Alinishika mkono, akaninong'oneza kana kwamba tunapanga kuiba. "Sitaki moshi. Sitaki masufuria. Sitaki kuona mtu amejifunga kanga kiunoni anapita na ndoo. Nataka kama zile za kwenye simu." Jamani, mimi ni nani nimkatalie? Nilikuwa nimezitazama hizo za kwenye simu mpaka macho yakavimba.

Sasa, kwa asiyetujua: kwetu sherehe haina mratibu kwa sababu ina akina mama wa jumuiya, wale wa nyumba jirani wanaosali pamoja kila wiki. Sherehe ikiwa Jumamosi, Alhamisi wameshaingia, kila mmoja na kisu chake na mwiko wake kutoka nyumbani. Wanamenya, wanasonga, wanasengenya, wanagombana juu ya chumvi. Bibi harusi akitokea, wanatoka jikoni macho mekundu kwa moshi, vigelegele juu, na hapo ndipo watu wanajua kwamba sherehe imeanza. Hakuna anayewaita na hakuna anayewashukuru. Mimi, na elimu yangu ya miezi mitatu, niliwatazama nikaona tatizo.

Nikalitatua. Nilileta wapishi wa kukodi, wenye kofia nyeupe na glavu nyeusi. Akina mama kumi na wawili nikawaandikia kadi, karatasi nzito yenye utepe: Mgeni Mwalikwa, Meza Namba Nne, na nyuma yake ratiba yote ya sherehe. Nilijiona nimewatendea wema. Miaka yote hiyo wanapika harusi za watu, leo wakae, wahudumiwe, wapumzishe mikono!

Mmoja wa hao kumi na wawili alikuwa mama yangu mzazi. Nilimpelekea kadi yake mwenyewe. Akavaa miwani, akaisoma mbele na nyuma.

"Hii ya nani?"

"Yako, mama."

"Mimi mgeni?"

"Mgeni rasmi kabisa."

"Haya," akasema, akaichomeka kwenye Biblia.

Ningekuwa na akili ningeogopa hapo hapo. Mama yangu akikubali jambo huwa ananung'unika nusu saa. Akisema "haya" peke yake, jua umeshahukumiwa. Lakini mimi akili zangu zilikuwa kwenye maputo.

Jumamosi ikafika. Ilikuwa mwezi wa saba, na upepo wa huku haujui kwamba mtu amesomea mapambo. Tao langu la maputo lilisimama mlangoni mwa ukumbi dakika kumi, kisha likaondoka zake kuelekea uwanjani, na hakuna aliyelifuata. Wakwe walikuwa wamepanda kutoka Kasanga na vishati vya ziwani, meno yanagongana. Nilikuwa nimeamuru rangi za siku ziwe fedha na pichi. Watu walizitii wote, kisha juu yake wakavaa majaketi ya kulimia.

Saa nane kamili wakaingia akina mama wa jumuiya. Wote sare moja, kitenge kipya cha Zambia kilichopitia mpakani Kasesya, vilemba vimepigwa pasi. Hawakupita jikoni hata kuchungulia. Wakatafuta Meza Namba Nne, wakakaa, wakaweka mikono mapajani, wakanyamaza. Nikajisifu moyoni kwamba wageni wangu wamestaarabika.

Kisha bibi harusi akaingia. Muziki ukapigwa, binti wa watu akasimama mlangoni na gauni lake, anatetemeka kwa baridi na kwa furaha, na ukumbini hapakutoka sauti. Mshereheshaji akapaaza sauti, "Vigelegeleee!" Kimya. Akarudia, "Akina mama mpo?" Bibi mmoja wa Meza Namba Nne, mkubwa kuliko wote, akanyoosha mkono kama mwanafunzi, akainua kadi yangu yenye utepe.

"Tupo, baba. Lakini kwenye ratiba hakuna. Hapa pameandikwa: Bibi harusi anaingia, dakika nne. Tunangoja ziishe."

Mungu wangu! Zile dakika nne sizisahau. Binti alitembea peke yake katikati ya ukumbi, viatu vinasikika. Wakwe wakaanza kutazamana. Mama mmoja wa Kasanga akamnong'oneza mwenzake, na mimi nilikuwa karibu nikasikia: "Huyu mtoto kwao hawampendi?" Bibi harusi naye alisikia, maana midomo ilianza kumcheza. Mama yake, yule muuza mahindi aliyekataa moshi, akanitafuta kwa macho. Akinipata ananila, nikajua.

Nikaenda Meza Namba Nne mbio, na viatu vyangu virefu na kile kidude cha sikioni nilichovaa ili nionekane ninazungumza na watu muhimu.

"Mama, mnanifanyia nini?" nikasema kwa meno yaliyofungwa.

"Shikamoo hujui siku hizi?"

"Shikamoo. Shikamooni wote. Mama, nakuomba!"

"Marahaba. Sisi ni wageni, mwanangu. Mgeni hapigi vigelegele kwenye nyumba ya watu. Mgeni anakula, anaaga, anaondoka. Si ndivyo ulivyotuandikia?"

Nilikasirika mpaka nikaona giza. Nilitaka kumwambia kwamba anafanya hivi ili nipelekwe Matai. Mdomo niliufungua kabisa. Ndipo nikaiona mikono yao. Mikono ishirini na minne, iliyokaa mapajani haina pa kwenda, mingine ina makovu ya moto ya sherehe za watu, ukiwemo ubatizo wangu mimi. Nikaelewa kwamba hawakuwa wananisusia. Walikuwa wamefukuzwa, na aliyewafukuza ni mimi, kwa karatasi nzito.

Nikapiga magoti. Sikupanga. Nilishuka chini kama tulivyolelewa kuwaheshimu wakubwa, viganja vinapigana polepole, machozi yanashuka na wanja wangu wote. Nikasema, "Mama zangu, nimewakosea. Nyumba ni yenu. Naomba mnisaidie kazi."

Mama yangu alinitazama kidogo. Akainuka, akanishika kiwiko akaninyanyua, akainama, kwa pindo la kitenge chake kipya akanifuta vumbi magotini, goti hili, kisha hili, kama alivyokuwa akinifuta nikitoka shule. Bibi mkubwa akauliza, "Jikoni ni wapi?"

Wakavua viatu. Kanga zikatoka mikobani, maana walikuja nazo, wachokozi wakubwa wale! Mpishi wa glavu nyeusi aliyekuwa anagawa nyama kwa koleo, kipande kimoja kimoja, alinyang'anywa koleo akaambiwa akakae Meza Namba Nne. Bibi harusi akarudishwa nje aingie upya, na safari hii vigelegele vilivyompokea vilinitoa kile kidude sikioni. Binti alilia kwa sauti. Yule mama wa Kasanga akaacha kunong'ona, akaingia kucheza na jaketi la kuazima.

Jumapili mchana nilifungasha begi mwenyewe. Watu walikuwa wananisema mji mzima, nani asiyejua? Mama alikaa mlangoni, begi katikati yetu. Wakabisha hodi akina mama wawili wa barabara ya Matai, waliokuwa ukumbini jana, kila mmoja ana binti wa kuoza. Wakasalimia, wakakaa, wakanigeukia mimi.

"Na sisi tunakutaka," akasema mmoja. "Lakini lile la magoti lisikose. Lilitutoa machozi. Liweke baada ya keki, watu wakiwa wametulia, waweze kupiga picha."

"Lile halikuwa..." mama akaanza, akaishia hapo. Akanitazama, anangoja nimalizie mimi.

Nikalitazama begi. Nikaiona ofisi, barua, meza, mjomba. Nikasema, "Lipo. Ni kipengele namba tisa."

Sikwenda Matai. Sasa nina kazi hadi za Laela na Namanyere, na hakuna sherehe inayonichukua bila kipengele namba tisa. Kuna mto wa kupigia magoti, wa rangi ya siku. Kuna muziki wake. Machozi siku hizi huja yenyewe mara moja moja, na yasipokuja hakuna anayejua. Akina mama wananinyanyua kwa pamoja huku wakitazama kamera, wengine wananiomba nirudie. Sifa ninazo, na mama hajafungua mdomo, kama alivyoahidi.

Naye huwa yupo, na jumuiya yake. Anamenya, anasonga, anapiga vigelegele kuliko wote. Ila mshereheshaji akitangaza namba tisa, anainuka na kwenda jikoni, hata kama kazi zote zimeisha. Namwona mgongo tu, kwa sababu wakati huo mimi niko chini tayari, nangoja wapiga picha waseme tuanze.