Rimma Chudinova Aliyeteleza kwa Masikio

Nilianza kushuku kwamba Rimma Chudinova haoni vizuri siku alipolisalimia koti. Lilikuwa koti la mlinzi, limetundikwa msumarini kando ya mlango wa uwanja wetu wa barafu pale mjini Perm, Urusi, kofia ya manyoya juu yake. Rimma akainamisha kichwa, akasema kwa heshima zote, "Shikamoo, Pavel Nikiforovich."

"We Rimma, unasalimia koti," nikamwambia.

"Bora koti. Mwenyewe haitikiagi," akanijibu palepale.

Nikacheka, nikadhani ni utani wake tu. Tulikuwa wasichana wadogo tukijifunza kuteleza kwa viatu vya vyuma, tukigawana kabati moja la viatu hivyo, na mimi nilikuwa nikimwonea wivu kidogo. Sisi wengine tulijifunza kuruka kwa kumtazama mwalimu. Rimma hakumtazama mtu. Alisimama katikati ya barafu kichwa kimelala upande, kama mtu anayesikiliza jirani wa ghorofa ya juu, muziki ukianza anaondoka nao, na hata kidole chake cha mwisho kilimaliza pamoja na noti ya mwisho.

Siri ilitoka siku aliponigonga. Nilikuwa nimesimama wima nimevaa sweta nyeupe, nafunga kamba ya nywele, naye akaja moja kwa moja hadi tukala mweleka wote wawili. Kidevu chake kilipasuka. Taisiya Markovna, mwalimu wetu, akaja mbio na leso.

"Hukumwona Lida? Mtu mzima na miguu yake?"

"Amevaa nyeupe," Rimma akasema huku damu ikimchuruzika, "na barafu nyeupe."

Daktari wa macho aliyempima alishangaa kwamba binti huyu hajawahi kugongwa na gari. Mama yake, Klavdia, dereva wa tramu, alilia siku hiyo kwa hasira zaidi kuliko huzuni. "Miaka yote hii unaniambia husomi bango la dukani kwa sababu hupendi kusoma!"

Wakamnunulia miwani. Taisiya Markovna akaifunga kwa mpira uliotolewa kwenye soksi ndefu. Mzunguko wa kwanza ilistahimili. Wa pili ikachomoka, ikapaa juu ya mbao za ukingo, ikatua mapajani mwa mama mmoja aliyekuwa akifuma soksi huku akimsubiri mwanawe. Miwani ikaishia hapo.

Basi mwalimu akafikiria kama ambavyo mtu yeyote mwenye huruma angefikiria: asiyeona aende taratibu. Akamchagulia muziki wa fidla, wa polepole, wa kuvuta. Matokeo yake yalikuwa ya aibu. Rimma akawa anachelewa kuruka au anawahi. Mara moja alimaliza mchezo wake mzuri, akapiga goti, akainama kwa madaha mbele ya mlango wa choo, majaji wa mazoezi wakimtazama mgongo.

Siku hiyo hakulia. Alivua glavu, akamfuata mwalimu.

"Taisiya Markovna, nipe muziki wa haraka."

"Umerukwa na akili? Ukingo huuoni, halafu uongeze mwendo?"

"Huu wa polepole una mashimo. Kati ya pigo na pigo hakuna kitu, napotea, sijui nimefika wapi. Wa haraka mapigo yanafuatana, kila moja linanishika mkono linanipeleka kwa mwenzake."

"Na ukivunja shingo? Mama yako atanipitishia tramu juu ya mwili!"

Klavdia alikuwa amesimama pale pale, bado na sare ya kazini, mkononi ana mikate ya kabichi aliyotuletea. Akashusha pumzi. "Mpe tu huo wa haraka. Namjua huyu. Ukimkatalia atauimba mwenyewe."

Wakamwekea ngoma ya kodiani, ile ya harusini inayowatoa hata wazee vitini. Nakumbuka nilivyoshika mbao kwa mikono miwili. Rimma akaondoka kama aliyesukumwa. Alikuwa amehesabu uwanja mzima kwa mapigo: huku mapigo kadhaa kisha kona, pale mapigo mengine kisha kuruka. Viatu vyake vilikata barafu kwa sauti iliyoingia ndani ya muziki kana kwamba mpiga kodiani ndiye aliyeviagiza. Akasimama katikati, uso kwa meza ya majaji, anahema, anacheka.

Taisiya Markovna akajifuta pua. "Tena," akasema.

Tulipokuwa wasichana wakubwa, Rimma akapata lenzi za kuvaa ndani ya macho, ngumu kama vipande vya kioo. Asubuhi ya kwanza alipozivaa alinishika mashavu. "Lida! Kumbe una madoadoa usoni! Mbona hukuniambia?" Akazunguka mji akisoma mabango kwa sauti, watu wakigeuka kumtazama. Nilifurahi naye. Sote tuliamini kwamba sasa hakuna wa kumshinda.

Siku chache baadaye tukaenda mji wa Sverdlovsk kwenye mashindano ya vijana wa eneo la Urali, ambako kila mmoja alicheza mara mbili, kwa siku mbili. Mchezo wa kwanza akaingia na lenzi zake. Akaona kila kitu. Akaona majaji na kalamu zao, akaona mwanamke anayepiga miayo safu ya tatu, na zaidi ya yote akaona mbao za ukingo zikimjia kasi. Miaka yote alikuwa akizikaribia vile vile bila kujua zina sura gani. Akaogopa. Akaanza kujizuia, muziki ukamtangulia, akaukimbilia, akaanguka mara mbili. Akabaki karibu na mkia.

Usiku hakula. Kesho yake, zamu yake ilipokaribia, nilimkuta chumba cha kuvalia akitoa lenzi na kuziweka katika kichupa chake cha maji ya chumvi.

"Rimma, ukigonga ukingo je?"

"Nikigonga, nitagonga kwenye pigo lake."

Taisiya Markovna hakumzuia. Alimfunga kamba za viatu kwa mikono yake, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia yeyote kati yetu.

Siku hiyo mashine ya kanda pale uwanjani ilikuwa na tatizo: iliuendesha muziki haraka kuliko inavyotakiwa. Wasichana waliotangulia walihangaika, mmoja aliacha kuruka kabisa, mwingine alimaliza mchezo muziki umekwisha zamani. Kodiani ya Rimma ilipoanza nikasikia mwalimu anaguna. Ilikuwa imeruka juu, nyembamba, inakimbia kama imefukuzwa. Akanibana mkono hadi ukafa ganzi.

Rimma alisikiliza kidogo tu, kichwa upande, kisha akabadilisha. Pale alipokuwa akivuta hatua ndefu akaweka fupi. Kona akazikata ndani zaidi. Akaruka bila ile safari ndefu ya kujiandaa, akatua, akaruka tena, na ilionekana kana kwamba muziki ule uliandikwa hivyo tangu zamani. Uwanja ukaanza kupiga makofi kwa kufuata kodiani. Noti ya mwisho ilipokatika, naye alikuwa amesimama.

Kelele zikalipuka. Akaja ukingoni akipapasa hewa, nikamshika.

"Lida, mbona wanapiga kelele hivyo? Nimewaudhi?"

"Wamesimama, mjinga wewe! Wote wamesimama!"

Akageuka kuelekea kwenye kile alichokiona kama ukungu wa rangi, akainama. Safari hii upande wenyewe hasa.

Alipata nafasi ya tatu, na hakuwahi kupanda juu zaidi ya hapo. Lenzi alizizoea polepole, mazoezini kwanza, lakini mashindano yote aliyoshiriki baadaye aliteleza bila kuzivaa. Taisiya Markovna alipostaafu, kundi lake lilipewa Rimma. Sasa ni mwanamke wa makamo mwenye miwani minene, na muziki wa kila mtoto anauchagua mwenyewe, tena hachagui wa haraka kwa wote.

Binti yangu Yarina ni miongoni mwa watoto hao. Ana macho kama mwewe na haraka isiyo na breki. Wiki iliyopita alirudi nyumbani amevimba kwa hasira.

"Mama, mwalimu Rimma kanipa muziki wa fidla, wa kubembelezea watoto! Nitalala katikati ya barafu!"

Nikampigia simu. Rimma akacheka. "Mwanao anaona kila kitu, Lida. Akiona mtu anakohoa, anageuka. Mwache kwanza ajifunze kusubiri noti."

Yarina amenuna wiki nzima. Lakini jana nilipoenda kumchukua, wenzake walikuwa wameshavua viatu, yeye bado yuko barafuni, akiurudia muziki wake wa fidla.