Kangaga Kwenye Ukuta wa Mshonaji

Baba mdogo ni mwashi. Mafundi wenzake wanamwita Kobe, kwa sababu kabla ya kupiga plasta anaugonga ukuta kila mahali, bila haraka, kwa mpini wa mwiko na kuusikiliza, kama daktari anayesikiliza kifua. Nilidhani anajifanya tu, mpaka siku aliyoniambia nitege sikio. Kweli bwana: palipo pazima panalia kavu, palipobanduka ndani panalia kama debe tupu.

Wiki jana alimaliza ukuta wa nje wa chumba cha mshonaji, kwenye nyumba ndefu ya vyumba kumi na viwili. Mama mwenye nyumba alikuwa amemwahidi kwamba huo ukimpendeza, na vingine vyote ni vyake. Kazi ya miezi minne! Tangu mwaka uanze, baba mdogo alikuwa akiokota vibarua vya siku mbili tatu.

Jumatatu nikitoka shule nikampitia, nikakuta mambo yamechacha. Ndani ya chumba cha mshonaji ukuta ulikuwa na doa la maji kubwa kama sinia, na majora ya kitambaa yaliyoegemezwa hapo yamelowa.

"Umetoboa bomba kwa tindo lako," mshonaji alisema. "Miaka sita nipo humu, sijaona hata tone."

"Bomba sijaligusa, dada."

"Basi ukuta unatokwa jasho. Upangusie."

Wapangaji wakacheka. Mama mwenye nyumba hakucheka. Alisema kwa upole, na huo upole ndio ulionitisha: "Fundi, nieleze nielewe. La sivyo nitatafuta mwingine."

Baba mdogo akazunguka nje, sote tukamfuata. Plasta yake inapoishia, shubiri moja tu kando, kwenye ufa wa ukuta wa zamani, palikuwa na mmea mdogo wa kangaga. Kiangazi hiki, hata majani ya uani yamekauka, wenyewe kijani kibichi. Akachokonoa taratibu kwa tindo, akautoa mzima na mizizi yake. Vikonyo vilikuwa vyeusi, vyembamba kama uzi, na chini ya vibichi kulikuwa na vikavu vya zamani, tabaka juu ya tabaka. Nilivihesabu vikavu: arobaini na kimoja.

"Huu haukuota juzi," alisema.

"Kwa hiyo shahidi wako ni jani?" mshonaji akauliza.

"Chungulia hapo mmea ulipotoka."

Mshonaji akachungulia. Ndani ya ufa kiungio cha bomba kilikuwa kimeliwa na kutu, kinadondosha tone, kinapumzika, kinadondosha jingine.

Mimi nilishaanza kutabasamu. Baba mdogo akaendelea, hakuna hata aliyemuuliza.

"Bomba sikutoboa. Ila mimea kama huu niling'oa saba kabla ya plasta. Niliona ni uchafu tu, sikujiuliza inakunywa wapi. Maji yalikuwa yanatokea huku nje, mimi nikayaziba, yakageukia kwako. Hilo ni kosa langu."

"Wewe nawe," mshonaji alisema. "Si ungenyamaza tu?"

"Halafu nizibe na vingine kumi na moja?"

Mama mwenye nyumba akaanza kutembea kando ya ukuta, polepole, kidole mbele. "Na hapa?"

"Hapo pia, mama."

"Na hapa?"

"Hapo mimea ipo mitatu."

Alifika mwisho wa nyumba, akasimama akiitazama kama mtu aliyeambiwa umri wake halisi.

"Bandua plasta ya chumba cha kwanza," alisema. "Mabomba yakishatengenezwa, utapiga plasta vyumba vyote. Wewe mwenyewe."

"Nitaleta fundi bomba kesho. Nani alifunga haya?"

Mama mwenye nyumba akashusha pumzi. "Huyo usimwite. Ni mdogo wangu, na Jumapili anakuja kula kwangu."