Blanketi la Babu Nikolausi

Mzee Nikolausi wa Bashay alikuwa na hakika ya mambo matatu: Mungu yupo, ng'ombe wa mvivu hanenepi, na mjukuu wake Hilary, mwenye mwaka mmoja na nusu, hampendi mtu duniani kama anavyompenda babu yake. Hilo la tatu ndilo lililoanza kumponyoka.

Kilichotangulia kufukuzwa ni kiko chake. Hilary alikohoa na kubanwa kifua mpaka akapelekwa zahanati mara mbili, ndipo Yoakimu, baba wa mtoto, akaja na ujumbe: "Baba, nesi anasema moshi wa tumbaku unamuumiza mtoto. Naomba uvutie nje." Mzee alinuna siku mbili, maana kutolewa kwenye nyumba uliyoijenga mwenyewe si jambo dogo. Lakini alitoka. Na kwa kuwa baridi ya Bashay haina adabu, alijifunika blanketi lake zito gubigubi, akavutia humo humo nyuma ya zizi. Akimaliza, anarudi ndani na kumkumbatia Hilary katika blanketi hilo hilo mpaka mtoto asinzie.

Kikohozi hakikuondoka. Yoakimu akaenda Basotu kuendesha trekta kwenye mashamba ya ngano, na huku nyuma mkewe, Violeth, akaanza vituko. Mzee akimpakata tu mtoto, Violeth huyo: "Baba, naomba nikamnyonyeshe." Na ametoka kumnyonyesha sasa hivi! Siku moja mzee akachungulia jikoni, akamwona anamwosha Hilary uso na mikono, kisha anambadilisha shati. Mtoto hakuwa na uchafu wowote. Alikuwa ametoka kupakatwa na babu yake.

Mzee alirudi kwenye kigoda chake. Alijipekua asione kosa. Tumbaku? Si alishatoka nje! Basi ni nini? Akakumbuka wazee wanaosemwa vijijini kwamba wana jicho baya, moyo ukamwuma kweli kweli. Mkwe wake anadhani anamroga mtoto? Siku tatu alizunguka boma kama mtu aliyepoteza kitu asichokijua.

Siku ya nne alimkuta Violeth uani akipepeta maharage, Hilary yuko miguuni pake. Mzee alisimama mbali kidogo akasema na mtoto, kama watu wanavyofanya neno likiwa zito kati ya mkwe na mkwe.

"Hilary, muulize mama yako, babu amekosa nini?"

Violeth hakuinua uso. "Hilary, mwambie babu hajakosa."

"Mwambie mama, asiyekosa mjukuu wake haoshwi kama aliyeangukia kinyesi."

Ungo ukasimama. Violeth alikuwa analia. "Hilary, mwambie babu, nesi aliuliza tena nani anavuta. Nikasema anavutia nje. Akaniuliza, akirudi anabadilisha nguo? Mwambie babu, moshi anarudi nao kwenye blanketi. Nilishindwa kusema. Ningeanzaje kumwambia baba yangu kwamba ananuka?"

Mzee alivuta pindo la blanketi akanusa. Hakusikia kitu. Akanusa tena. Ilikuwa harufu yake mwenyewe tu, ya miaka yote.

Moshi usioonekana unakaaje kwenye nguo? Hakuelewa, na hata leo ukimuuliza atakwambia hajaelewa. Lakini alilivua blanketi akalitundika kwenye uzio wa zizi, akanawa uso na mikono kwa sabuni, akasimama na shati tupu meno yakigongana. Violeth alianua kitenge chake cha maua ya njano akampa kwa mikono miwili. Mzee mzima akajifunga kitenge.

Hilary alimtazama juu mpaka chini, akanusa kitenge, akaangua kilio. Hakumjua. Mzee alihisi machozi yanamjia, asijue afanye nini, mwishowe akapiga ulimi kama anavyowaita ndama. Mtoto akanyamaza. Akamkazia macho, kisha akanyoosha mikono abebwe.

Violeth akalichukua blanketi ili akaliloweke.

"Mwanangu," mzee alimwita, safari hii bila kupitia kwa mtoto. "Kiko kimo humo kwenye pindo. Loweka vyote."

Violeth akaenda nalo nyuma ya nyumba, na hakurudi kumchukua mtoto.