Mzee Ramazani Alipovua Kofia Mbele ya Tumbo Langu

Siku moja sijaisahau, mwanangu, na sina mpango wa kuisahau. Ni siku babu yako Mzee Ramazani alipovua kofia akalisalimia tumbo langu, huku mimi mwenye tumbo nikikaribia kulia kwa kubanwa na mkojo.

Najua kutoa nasaha ni kazi ya wazee. Mimi sina mvi hata moja, na shangazi yako akisoma haya atauliza: huyu naye ameanza lini kuwa mzee? Nimeanza siku ile. Mtu akilazwa chali mbele ya ukoo mzima, kikwembe cha kujifunga kiunoni kimeshushwa hadi pale, anazeeka mchana mmoja. Tena wazee wenyewe ndio waliokuwa wamejazana chumbani, sasa nani mwingine akuambie?

Tulikuwa tunakaa hapa Kasongo, nyumba moja na bibi yako, mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Kabambare kuniangalia. Baba yako alikuwa Lusangi kwenye mashimo ya dhahabu. Wewe ulikuwa mimba yangu ya kwanza, umeshapita mwezi wa saba. Asubuhi moja nikaona damu. Haikuwa nyingi wala haikuuma, lakini damu ni damu. Nikaenda kituo cha afya. Muuguzi aliniuliza maswali yake, kisha akaacha kuandika, akaniangalia.

"Mama, nenda hospitali kubwa wakufanyie ekografi. Tunataka kujua kondo la nyuma limekaa wapi. Kama limeziba njia, mtoto hatapita, na wewe unaweza kutoka damu mpaka uishe. Kabla ya kujua hilo, usipande pikipiki."

Ekografi ni ile mashine inayoangalia ndani ya tumbo. Swali nililopewa lilikuwa moja tu, na nakuomba ulishike: kondo limekaa wapi? Maana babu yako alikuwa ameshatuma neno kutoka Kabambare kwamba mtoto wa kwanza wa mwanawe mkubwa atazaliwa nyumbani kwake, kama walivyozaliwa wote, na kwamba anakuja mwenyewe na pikipiki kunichukua. Barabara ya Kabambare unaijua. Mtu mzima mwenye afya anashuka pale ameshika kiuno kama cha kuazima.

Nikarudi nyumbani nikamweleza mama mkwe. Katika maneno yote yale alisikia moja.

"Ekografi? Hospitali ya nini sasa? Yule bwana iko hapa hapa sokoni na mashine yake!"

"Mama, muuguzi amesema hospitali."

"Hospitali wanajifungia na wewe peke yako, sisi tunabaki inje kama kuku. Yule bwana anaonyesha watu wote."

Yule bwana tulimwita Bwana Picha. Si daktari, si muuguzi. Alikuwa anazunguka na mashine ndani ya sanduku lililofungwa nyuma ya pikipiki, leo Nyangwe, kesho kwetu, akipewa chumba nyuma ya duka anaunganisha kwenye bateri ya gari, na watu wanamletea wake zao wajawazito kama wanaokwenda kutazama mpira. Ukimuuliza alisomea wapi, anajibu: "Mashine yenyewe inajua."

Kwetu huku, mwanangu, mtoto hasubiri kuzaliwa ndipo apewe jina. Jina linamsubiri yeye, na mwenye jina anakaa mlangoni akiangalia kama kweli anafanana naye. Babu yako alikuwa amesema: akiwa mwanaume, ni Ramazani, na mbuzi yuko. Ndiyo maana mama mkwe aliponifikisha kwenye kile chumba cha nyuma ya duka nilikuta viti vimepangwa. Viti! Mama mkwe mbele, shangazi yako Zaituni na simu yake, na nyuma yao majirani ambao mpaka leo sijui nani aliwaita.

Bwana Picha aliniambia ninywe maji mengi ili picha itoke vizuri. Nikanywa. Akaniambia nilale. Nikalala. Akachukua kitambaa, akajifuta jasho usoni, na kwa kitambaa hicho hicho akafuta kile kichwa cha mashine kilichotoka tumboni kwa mama mwingine. Kisha akanipaka ute baridi, akaanza kusugua.

"Mwanaume!" akasema, kabla hata sijavuta pumzi.

Vigelegele. Mama mkwe akasimama.

"Ona miguu! Miguu ya Ramazani kabisa!"

"Na pua, mama," akasema Zaituni. "Pua ni ya kwetu. Asante Mungu haikutoka upande ule mwingine."

Upande ule mwingine ulikuwa umelala pale pale, ukisikia. Mimi kwenye kioo nilikuwa naona mvua tu, mvua ya kijivu na kitu kama mhogo. Zaituni akampigia baba yako simu ya picha kule Lusangi, akaielekeza kwenye mashine. Baba yako anapaza sauti kutoka ndani ya simu: "Mbona hageuki? Mwambieni ageuke!"

"Mutoto, geuka!" Zaituni akapiga kelele karibu na kitovu changu. "Babako anakuangalia!"

Hukugeuka. Kwa hilo nakushukuru mpaka leo. Basi Bwana Picha akakandamiza zaidi, akakishikilia kile kichwa mahali pamoja, akazungusha kitufe.

"Naongeza nguvu, sura ing'ae."

Nikahisi ngozi inapata moto, kama mtu ameweka kikombe cha chai.

"Bwana, kinachoma."

"Vumilia, mama. Ndiyo teknolojia."

"Na kondo? Limekaa wapi?"

"Subiri kwanza. Tuko kwenye sura."

Tulikaa kwenye sura, mwanangu. Kila mtu alipata zamu yake. Jirani mmoja alitaka kuona vidole, mwingine akaomba moyo. Kibofu kimejaa, mgongo unauma, na kila nikisema nataka kwenda chooni, mama mkwe ananishika bega: "Bado, baba mukwe wako iko karibu kufika."

Akafika kweli. Babu yako aliingia na tope la Kabambare mpaka magotini, akatazama viti vimejaa.

"Mumeanza bila mimi?"

Basi tukaanza upya. Ute tena, kusugua tena, pale pale. Babu yako akasogea mbele ya kioo, akavua kofia, akaiweka kifuani, akainama kidogo kama anayeingia kwa mkuu wa eneo.

"Ramazani. Salama huko? Munatuonaje?"

Wewe ukapiga teke.

"Ameitika!" Chumba kizima kikalia. Mama mkwe akafuta machozi kwa kikwembe changu mimi. Hata Bwana Picha alijifuta, kwa kile kitambaa chake.

Nikasema kwa sauti niliyobaki nayo: "Sasa jamani, kondo."

Na kioo kikazimika. Bateri imekwisha.

"Usiwe na shida, mama," akasema Bwana Picha, akifunga sanduku lake. "Mutoto iko muzuri. Nimemuona anacheka."

Babu yako akarudisha kofia kichwani. "Basi, twende. Piki iko inje, dereva anangoja."

Kwanza nilikimbia chooni, kwa sababu kuna mambo hayangoji heshima. Nilipotoka nilikuwa mtu mwingine. Wote walikuwa wamesimama kando ya pikipiki, mzigo wangu, ambao mama mkwe alikuja nao, umeshafungwa nyuma. Nikasema:

"Baba, heshima yako naijua. Lakini mumeangalia pua, mumeangalia miguu, mumeangalia na kile munachokitaka. Hakuna hata mmoja aliyeangalia kama nitapona. Sipandi."

"Mwee! Anamjibu baba mukwe!" mama mkwe akashika kichwa.

"Namjibu. Nikiishiwa damu porini, mutanizika na huyo Ramazani wenu ndani yangu. Ndiyo munachotaka?"

Dereva wa pikipiki akaanza kukagua tairi ambalo halikuwa na tatizo. Babu yako akamwambia dereva: "Shusha mzigo wa mutoto." Mutoto alikuwa mimi. Akanigeukia: "Hospitali ni kule. Tutaenda kwa miguu, polepole." Tukaenda, mimi mbele, ukoo wote nyuma yangu, watu wa barabarani wakiuliza nani amekufa.

Hospitali tulimkuta daktari mama, mtu mzima, miwani yake imening'inia shingoni kwa kamba. Alisikia neno damu, akaniingiza mimi peke yangu, akawafungia wengine mlango puani. Akafuta kichwa cha mashine kwa dawa, akanawa mikono, akaniuliza kama nina homa. Kisha akaweka mashine chini ya tumbo, akaangalia kidogo, akasogeza, akaangalia tena, akainua mkono. Nilifikiri bado anajiandaa.

"Nimemaliza," akasema. "Kondo limekaa mlangoni kabisa. Limeziba. Hutoki Kasongo mpaka ujifungue, na utajifungua kwa kupasuliwa."

Akafungua mlango awaambie. Mama mkwe alikuwa amegandisha sikio hapo, karibu aanguke ndani.

"Docta, na sisi tuonyeshe mutoto kidogo tu!"

Hapo, mwanangu, ndipo nilipomsikia mtu mzima akiwakemea watu wazima.

"Mama, dawa ya malaria ni nzuri?"

"Nzuri sana."

"Unaimeza kwa sababu wageni wamekuja kukuona unavyomeza?"

Mama mkwe akarudi nyuma hatua moja.

"Hii mashine inatumia sauti," daktari akaendelea, "sauti ambayo sikio halisikii. Si mionzi kama ile ya kupiga picha ya mfupa. Ikitumiwa na anayejua, kwa haja, hatujaona ikiharibu mtoto. Lakini sauti ikiingia mwilini inaacha joto. Ukiongeza nguvu, ukakaa mahali pamoja, ukakawia, joto linazidi. Kwa hiyo tunatumia nguvu ndogo inayotosha, muda mfupi unaotosha, tukipata jibu tunatoa mkono. Mutoto si sinema."

Babu yako akageuza kofia mikononi. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Docta. Tumemuchoma?"

"Sidhani, mzee. Moyo wake nimeuona, unapiga vizuri. Lakini sababu ya kumfanyia hivyo mulikuwa nayo?"

Zaituni ndiye aliyerukia upande wa pili.

"Basi hii mashine iko mubaya! Mimi, siku nikipata mimba, asiniguse mutu nayo!"

"Na wewe nyamaza," daktari akamwambia. "Bila hii mashine wifi yako angekuwa njiani Kabambare sasa hivi. Wa kukataa ni mchezo. Kipimo ukiambiwa na mganga wa hospitali, unakuja unakimbia."

Pikipiki ilirudi Kabambare na dereva peke yake. Babu yako alibaki, akalala nyumbani kwetu kwenye kitanda cha wageni akilalamika juu ya kunguni, na hakuondoka mpaka siku nilipopasuliwa. Damu ilinitoka nyingi, lakini nilikuwa mikononi mwa watu wenye damu nyingine ya kunirudishia. Porini ningerudishiwa na nani?

Walipokuleta, mama mkwe alikufunua akakukagua mwili mzima, anatafuta palipoiva. Hakupaona. Aliona jambo lingine.

"Ramazani," akamwita mumewe. "Kuja uone. Ramazani iko mwanamuke."

Kabambare nzima ilikuwa imeshaambiwa, mbuzi ameshanona. Babu yako akavua kofia mbele yako kwa mara ya pili.

"Nilimuita kwa jina langu," akasema, "na aliitika mbele ya watu. Siwezi kumunyang'anya."

Ndiyo sababu mwalimu, siku yako ya kwanza shuleni, alizungusha macho darasa zima akimtafuta mvulana. Ukirudi tena unalia kwa ajili ya jina, ujue wa kumlaumu ni Bwana Picha, ambaye nasikia amerudi sokoni na bateri kubwa zaidi. Na Zaituni, yule aliyeapa asiguswe, ana tumbo sasa, na jana nimemkuta anapanga viti. Nimevitoa nje kimoja kimoja mwenyewe.

Basi shika haya, mwanangu, wewe na wenzako. Ukiwa na mimba na mganga wa hospitali akakutuma ekografi, nenda, usiogope, usicheleweshe. Nenda kwa mtu aliyesomea kazi hiyo, mahali penye chumba, si nyuma ya duka. Kabla hujalala, uliza: leo tunatafuta nini? Akikujibu "sura", vaa nguo zako. Mashine ikikuchoma, sema, na usinyamazishwe na teknolojia ya mtu. Isiwekwe tumboni mwako kwa kufurahisha macho ya watu, hata wakwe, hata wakilia. Jibu likishapatikana, mkono utoke. Na siku swali ni uhai wako, liulize mpaka lijibiwe, hata mbele ya wazee wenye kofia.

Mungu akupe tumbo lenye amani na njia iliyo wazi. Akupe daktari mwenye haraka na wakwe wenye subira. Na mtoto utakayembeba, akae gizani kwake amefunikwa, asisumbuliwe na mtu, mpaka siku yake atoke atusalimie yeye mwenyewe.