Viti vya Nyuma ya Ukumbi

Baba yake alimpa jina la Kabari kabla hajamaliza kuota meno, kwa sababu akishajipenyeza mahali, hang'oki. Alikulia chini ya benchi la useremala, nywele zimejaa unga wa mbao, na kabla hajajua kusoma alikwisha kujua kiti kigonjwa kwa mlio wake.

Alipokubaliwa chuo cha ualimu, nyumba ilicheka siku moja. Ya pili ikanyamaza. Akiba ya baba ilitosha nusu ya ada. Nusu ya pili ilikuwa kwa mkopeshaji, naye alikuwa tayari kuitoa wakati wowote, mradi hati ya karakana ikalale kabatini kwake.

"Nitaiweka rehani," baba alisema, macho yake yasitoke kwenye randa. "Ukipata kazi utaikomboa."

"Na kazi ikichelewa, baba?"

"Tutahamia kibarazani kwa shangazi yako."

"Shangazi na vumbi? Atatutimua kabla chai haijapoa."

Walicheka, lakini randa ilikuwa imesimama. Kabari aliitazama mikono ya baba yake, mipana, yenye makovu, akaiwaza ikiomba kazi kwenye karakana za watu.

"Kukopa arusi, kulipa matanga," alisema. "Usiende bado. Nipe mpaka Ijumaa."

Kulikuwa na kitu alichokiona siku ya kupeleka vyeti. Nyuma ya ukumbi wa chuo, viti vibovu vilirundikwa kama mifupa, majani yakipanda katikati ya miguu yao. Alikuwa ameinama akavigusa. Mbao ilikuwa nzima. Kilichokufa ni gundi. Akarudi chuoni, akamwomba mlinzi kimoja, akakibeba hadi nyumbani, akakiunga upya kwa gundi ya baba.

Alhamisi akaingia nacho begani katika ofisi ya mhasibu wa chuo, mwanamume mnene mwenye sauti ya upole.

"Binti, hapa tunapokea ada. Samani peleka stoo."

"Ni chenu, mzee. Kilikuwa kimetupwa nyuma ya ukumbi. Naomba nusu ya ada niilipe kwa kazi hii ya kutengeneza viti, Jumamosi na likizo, mpaka rundo liishe."

"Na rundo likiisha kabla hujamaliza masomo?"

"Kwa kuvunja, wanafunzi wenu ni hodari. Sina wasiwasi."

Mhasibu akaangua kicheko. Kisha akanyanyuka taratibu, akaizunguka meza, akaketi kwenye kiti kile. Akajipinda kushoto, akajipinda kulia. Halafu akafanya lile ambalo kila mwalimu hulikataza: akaegemea nyuma, miguu ya mbele ikapaa. Karakana nzima ya baba yake ilikuwa imesimama juu ya miguu ile miwili.

Kiti kilinyamaza kimya.

"Hakilalamiki!" mhasibu alishangaa. "Changu kinanilalamikia tangu nilipohamia hapa."

"Basi nianze na hicho?"

"Anza na mkuu wa chuo. Twende tukamwone, na kiti chako ukibebe."

Mkuu alikubali. Ijumaa, hati ya karakana ilibaki sandukuni.

Haikuwa rahisi. Wenzake walipokwenda matembezini, yeye alikuwa stoo na patasi. Zipo jioni alizosikia vicheko vyao bwenini huku vidole vimegandana kwa gundi. Wapo waliosema anajidhalilisha. Neno hilo liliuma, akaendelea kupiga msasa. Wengine walimtania hadi darasani.

"Fundi, kiti changu kimeanza kucheza!"

"Bembea, kaka, bembea. Ukikivunja ndiyo ada yangu."

Siku ya mahafali, wenzake wengi walikuwa wakinong'ona juu ya makato ya mikopo yanayowasubiri. Kabari alikuwa akimtafuta baba yake. Alimkuta safu ya tatu, katika koti lililombana mabega, amepindua kiti miguu juu na kukikagua, wageni wakimshangaa.

"Gundi umezidisha hapa," alisema.

"Hicho nilikitengeneza mwaka wa kwanza, baba."

"Naona."

Akapitisha kidole gumba kwenye kiungo, polepole, kama mtu anayefuta chozi la mtoto. Kisha akakisimamisha kiti, akaketi kwa uzito wake wote, akaegemea. Mfukoni mwake funguo za karakana zikagongana.